Kioo gani kwa dirisha lipi? Ulinganisho kwa anayejenga Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Vioo huja mwisho. Msingi umekula, paa limekula zaidi, plasta imemaliza akiba iliyobaki, ndipo fundi wa madirisha anaposimama mlangoni na futi mkononi akitaka jibu.

"Mama, nyumba yote tinti?"

"Ndiyo, fundi. Ifanane."

Mazungumzo yameisha, na watu wataishi ndani ya jibu hilo miaka thelathini. Kisumu wengi hukimbilia tinti kwa sababu ya jua. Nakuru wengi huchukua kioo cheupe chembamba kwa sababu ya bei. Kila upande una hoja yake, lakini wote wamejibu kwa niaba ya nyumba nzima, ilhali swali ni la kila dirisha. Dirisha la choo lina shida yake, la sebule linalotazama ziwa lina yake, na mlango wa kioo ambao watoto wanaupita wakikimbizana una yake, tena kubwa zaidi. Anayechagua dirisha kwa dirisha hutumia pesa zilezile, pengine pungufu, na nyumba inakalika.

Hapa nalinganisha aina tano ambazo fundi atakutajia: kioo cheupe cha kawaida (kisicho na rangi), kioo cha maua (chenye nakshi), kioo cha tinti (chenye rangi), kioo cha tempa (kilichoimarishwa kwa moto) na kioo cha lamineti (vioo viwili vilivyobanana). Kabla ya kuingia dukani, tukubaliane kwanza tunapima nini.

Tunapima nini

*Joto na mwanga.* Kisumu iko kama kilomita 10 tu kusini mwa ikweta, na Maseno ikweta inapita papo hapo. Maana yake kwa mjenzi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Saa sita mchana jua huwa utosini au karibu na utosi, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Upenu wa paa wa futi mbili au tatu unatosha kuyafunika madirisha ya kaskazini na kusini karibu saa zote za jua kali. Dirisha la mashariki na la magharibi halina bahati hiyo. Jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi na moja jioni hupita chini ya upenu na kuingia moja kwa moja hadi kitandani. La jioni ndilo baya zaidi, kwa sababu linakuta kuta na paa vimekwisha kushika moto wa siku nzima.

Nakuru mambo hugeuka. Mji uko kwenye mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kwenye 1,130 hivi. Tofauti hiyo ya mita 700 ndiyo inayomfanya mtu wa Lanet au Kiamunyi atafute blanketi la pili mwezi wa Julai. Kwake jua la asubuhi ni mgeni wa kukaribishwa.

*Faragha.* Uliza mara mbili: mchana ni nani anaona ndani, na usiku taa zikiwaka ni nani anaona ndani? Vioo vingi hujibu swali la kwanza vizuri na la pili vibaya.

*Kikivunjika.* Hapa pia kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya kunagharimu. La kwanza: vipande vitamkata nani? La pili: baada ya kuvunjika, mwizi atapata njia? Kioo kinachomlinda mtoto vizuri kinaweza kumfungulia mwizi njia kwa pigo moja.

*Fremu, fundi na mfuko.* Kila milimita moja ya unene wa kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita mraba. Dirisha la futi tano kwa nne likiwekwa kioo cha milimita 3 litabeba kilo 14 hivi za kioo. Likiwekwa lamineti ya milimita 6.38 litabeba karibu kilo 29. Bawaba za dirisha la chuma lililochomelewa kwa kioo chembamba hazitapenda mabadiliko hayo, na mfuo wa fremu unaopokea kioo na puti huenda usiwe na kina cha kutosha. Kwa hiyo mazungumzo ya kioo yafanyike kabla ya fremu kuchomelewa. Bei maduka mengi huhesabu kwa futi mraba, na mita mraba moja ni kama futi mraba 10.8, piga hesabu ya kila dirisha kivyake ili usiuziwe kwa makadirio ya jumla.

Kioo cheupe cha kawaida

Hiki ndicho mama wa vioo vingine vyote isipokuwa cha maua. Mchanga, magadi ya aina ile inayotoka Ziwa Magadi na chokaa huyeyushwa kwenye tanuru, kisha uji wake humwagwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka na kutandaa wenyewe hadi ukawa bapa pande zote mbili. Njia hiyo kampuni ya Pilkington ya St Helens, Uingereza, iliitangaza mwaka 1959. Ukiingia nyumba kuukuu ambayo vioo vyake havijawahi kubadilishwa na ukaona mti wa nje ukiyumba unapotembea, unatazama kioo cha kabla ya njia hiyo.

*Joto na mwanga.* Hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga na karibu asilimia 85 ya joto la jua. Upande wa magharibi Kisumu, hiyo ni adhabu. Upande wa kaskazini na kusini chini ya upenu mzuri, hapohapo Kisumu, hakuna tatizo lolote: jua halikifikii, na chumba hupata mwanga wa kusomea bila kuwasha taa. Upande wa mashariki Nakuru, hakuna kinachokishinda.

*Faragha.* Hakina. Pazia ndilo hufanya kazi hiyo.

*Kikivunjika.* Hutoa vipande virefu vyenye ncha kama visu. Kwenye kidirisha kidogo cha fremu ya chuma, juu ya kiuno, hatari ni ndogo. Kwenye mlango au kioo kinachoshuka hadi sakafuni, hatari ni ya kweli. Kwa mwizi, kioo hiki ni kelele tu. Kizuizi ni grili.

*Fremu, fundi na mfuko.* Hapa ndipo kinaposhinda kabisa. Ni cha bei ya chini kuliko vyote, kila duka linacho, na fundi hukikata palepale uwanjani. Mtazame anavyofanya: hupitisha gurudumu dogo la kukatia mara moja tu, bila kurudia, ukasikika mkwaruzo mwembamba usiokatika, kisha hulaza mstari ule juu ya ukingo wa meza na kukiinamisha mpaka kinaachana. Fundi mzuri hukata pungufu kwa milimita 2 au 3 kila upande, kwa sababu chuma hupanuka juani na kioo kilichobanwa hupasuka kuanzia pembeni. Kisha huja puti, yaani unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani, inayohitaji wiki kadhaa kukauka kabla ya kupakwa rangi. Mpira wa watoto ukivunja kidirisha Jumamosi, Jumatatu kimekwisha kurudishwa. Milimita 3 hutosha vidirisha vidogo vya chuma; kwa vipande vikubwa vya alumini nenda 5 au 6, hasa ghorofani kwenye upepo.

*Kinamfaa* mwenye bajeti ya kubana, mwenye upenu mpana, mwenye nyumba za kupangisha ambaye atabadilisha vidirisha mara kwa mara, na mtu wa mji wa baridi anayetaka jua.

Kioo cha maua

*Joto na mwanga.* Kimegandamizwa na rola yenye nakshi kingali laini kwa moto, ndiyo maana upande mmoja una maua na wa pili ni laini. Mwanga hupita mwingi tu, ila umetawanywa. Joto nalo hupita kama kwenye kioo cheupe. Kukiweka upande wa jua ukidhani kimepunguza moto ni kujidanganya.

*Faragha.* Ndiyo kazi yake, mchana na usiku. Lakini usiku mtu akisimama karibu nacho taa ikiwa nyuma yake, umbo lake huonekana nje. Bafuni, weka taa upande wa dirisha badala ya ukuta unaolitazama. Kuna pia kioo kilichosuguliwa kwa mchanga hadi kikawa na ukungu. Hicho kikilowa maji upande uliosuguliwa huanza kuonyesha, kwa hiyo upande huo usielekee bomba la kuogea.

*Kikivunjika.* Sawa na cheupe. Unene wa nakshi usikufanye udhani ni kigumu zaidi.

*Fremu, fundi na mfuko.* Bei si mbali na ya cheupe, hukatwa palepale. Upande laini uelekee nje, hasa Nakuru, ambako vumbi la Januari na Februari hukaa ndani ya nakshi na halitoki kwa kitambaa.

*Kinamfaa* choo, bafu, dirisha la ngazi, na dirisha lolote linalotazamana na la jirani kwa hatua chache, hali ya kawaida katika viwanja vya futi hamsini kwa mia.

Kioo cha tinti, na ndugu yake wa kuakisi

Hiki ndicho chenye maneno mengi mtaani, nami nitakikalia kidogo.

*Joto na mwanga.* Rangi ya tinti imechanganywa ndani ya kioo chenyewe kiwandani. Kazi yake ni kufyonza joto la jua kabla halijaingia. Cha kahawia cha milimita 6 huruhusu takriban asilimia 60 ya joto, dhidi ya 80 na kitu za kioo cheupe cha unene huohuo. Ni nafuu ya kweli, lakini si ukuta. Joto lililofyonzwa haliendi mbali: kioo chenyewe hupata moto, na sehemu ya moto huo hurudi chumbani. Weka kiganja kwenye dirisha la tinti la magharibi saa kumi na moja jioni pale Nyalenda au Mamboleo, utaelewa. Halafu kuna malipo mengine: mwanga hupungua hadi karibu nusu, na kwenye kijivu chini ya nusu. Sebule yenye tinti upande wa kaskazini, chini ya baraza, huwasha taa saa nane mchana. Huko jua lilikuwa limekwisha kuzuiwa na paa. Tinti imezuia mwanga tu.

Cha kuakisi kimepakwa utando mwembamba wa madini unaorudisha jua nje badala ya kulifyonza, na kwa kuzuia joto hukizidi kile cha tinti cha kawaida. Wengine hukipenda kwa sura ya ofisi, wengine hawawezi kuvumilia nyumba inayometameta. Hilo ni la macho ya mtu.

Kisumu ina ugumu wa kipekee hapa. Ziwa liko magharibi na kusini-magharibi ya mji. Watu huja hadi Dunga kutazama machweo, na mwenye kiwanja Milimani hutaka dirisha kubwa lielekee hukohuko. Dirisha la mandhari nzuri kuliko yote ndilo dirisha la jua kali kuliko yote. Hapo tinti au kuakisi vina haki kamili ya pesa zako, ingawa mimi ningeanza na baraza lenye kina, au mti, na hapo ndipo kioo kimalizie kazi. Kivuli kilicho nje ya kioo hushinda rangi iliyo ndani ya kioo.

*Faragha.* Mchana, vizuri: wewe unamwona mpita njia, yeye anaona kivuli. Usiku, taa ikiwaka ndani na nje giza, mambo hugeuka. Kioo cha kuakisi hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia upande wako na dirisha wazi upande wa barabara. Watu wengi huondoa mapazia wakiamini tinti inatosha. Haitoshi baada ya machweo.

*Kikivunjika.* Sawa na cheupe, visu vilevile. Lakini kina udhaifu wa ziada. Kwa kuwa kinashika moto, nusu yake ikiwa juani na nusu kwenye kivuli cha ukuta, upande wa moto hupanuka na wa baridi hukataa, na ufa huanzia pembeni, hasa mahali ambapo ukingo uliliwa kidogo wakati wa kukata. Kioo kikipasuka bila mtu kukigusa jioni yenye jua, mara nyingi sababu ni hiyo. Ukingo usiwe na mmego hata mdogo, na pazia nzito nyeusi lisibandikwe karibu mno na kioo.

*Fremu, fundi na mfuko.* Ghali kuliko cheupe, hukatwa palepale. Kikivunjika kimoja miaka kumi baadaye, kupata rangi ileile ni kazi. Badala yake kuna karatasi ya tinti ya kubandika juu ya kioo cheupe. Ni njia ya mpangaji na ya mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa. Iliyobandikwa vizuri husaidia kweli, iliyobandikwa vibaya hutoa malengelenge na kubambuka pembeni.

*Kinamfaa* mwenye madirisha ya magharibi au mashariki yasiyoweza kupata kivuli, ofisi na maduka ya mchana, na watu wa Kisumu, Ahero na Homa Bay kuliko wa Nakuru, Njoro au Kericho. Kule juu, tinti nyumba nzima huifanya nyumba iwe baridi na giza kwa pamoja.

Kioo cha tempa

*Joto na mwanga.* Kama cheupe, au kama tinti ikiwa kilikuwa tinti kabla ya kupitishwa motoni. Tempa yenyewe haibadilishi chochote hapa.

*Faragha.* Vivyo hivyo.

*Kikivunjika.* Kioo kilichokwisha kukatwa huchomwa tena hadi kupita nyuzi 600 za selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi kwa nguvu pande zote mbili. Ngozi huganda kwanza, na kiini kinapopoa baadaye huivuta ngozi ijibane. Matokeo yake ni kioo chenye nguvu mara nne hadi tano ya kile cha kawaida. Kikifika mwisho wa uvumilivu, hupasuka chote kwa mkupuo kuwa punje ndogo kama za mahindi. Punje zitakukwaruza, lakini hazitakukata mshipa. Ndiyo maana madirisha ya pembeni na ya nyuma ya magari mengi ni ya aina hii.

Viwango vya Uingereza hutaka kioo cha usalama mahali popote dirisha linapoanza chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni, na kwenye milango hadi urefu wa sentimita 150. Hata fundi wako asiposikia habari hizo, wewe zishike. Mtoto wa miaka minne hana breki.

Kwa mwizi sasa: kikivunjika, hakibaki chochote kwenye fremu. Mlango wote uko wazi kwa pigo moja. Anayenunua tempa akidhani ameimarisha ulinzi amelipa pesa nyingi kwa kazi nyingine.

*Fremu, fundi na mfuko.* Hakikatwi baada ya kuchomwa. Hakitobolewi, hakichongwi, hakipunguzwi hata unywele. Tundu la kitasa na la bawaba hutobolewa kabla. Kwa hiyo fremu hukamilika kwanza, vipimo huchukuliwa pembe zote nne, kisha kioo huagizwa. Kipimo kikikosewa kwa milimita tano umenunua meza. Maduka mengi ya kwetu huagiza kutoka Nairobi, kwa hiyo weka muda wa kusubiri kwenye mpango wako. Udhaifu wake uko kwenye kingo: kisisimamishwe juu ya saruji tupu siku ya kukipeleka, kilazwe juu ya mbao.

*Kinamfaa* mwenye milango ya kioo, kizuizi cha bafuni, kioo cha baraza na ngazi, meza za vioo, na nyumba zenye watoto au wazee wanaoyumba.

Kioo cha lamineti

*Joto na mwanga.* Ni vioo viwili vilivyobanana na utando wa plastiki katikati. Kile cha 6.38 ni milimita 3, utando wa 0.38, na milimita 3 nyingine. Mwanga hupita vizuri. Joto hupungua kidogo tu, ila utando huzuia karibu miale yote inayofubaza rangi za viti na mapazia. Kinaweza kutengenezwa kwa kioo cha tinti kama unataka vyote viwili.

*Faragha.* Kama cheupe, isipokuwa utando uwe wa maziwa, ambao huficha mchana na usiku.

*Kikivunjika.* Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara mwaka 1903, ikapasuka lakini ikabaki na umbo lake. Ndani mlikuwa mmekauka utando wa kemikali. Alipata hataza ya kioo cha tabaka mwaka 1909, na vioo vya mbele vya magari ya leo ni wajukuu wa chupa ile. Lamineti hupasuka, pengine kwa urahisi kama cheupe, lakini vipande hubaki vimeshikamana na utando. Mwizi hupiga, hupiga tena, kelele zinaendelea, na tundu bado halimtoshi mkono. Kwa paa la kioo ndiyo chaguo la busara pekee, kwa sababu hakimwagiki juu ya vichwa vya watu. Kericho na Nandi Hills, ambako mvua ya mawe hupiga majani ya chai mara kwa mara kuliko karibu popote duniani, kioo chochote kinachotazama juu kiwe lamineti, na tabaka zake zikiwa za tempa ni bora zaidi.

Kinachozuia mwizi kuingia kinaweza kuzuia mtu kutoka. Nyumba yenye lamineti na grili kila mahali lazima iwe na angalau dirisha moja kila upande wa vyumba vya kulala ambalo grili yake hufunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Hili nalisema kwa uzito wote, moto hausubiri.

Kuhusu kelele, lamineti huzidi kioo cha kawaida cha unene uleule. Wakazi wa kando ya barabara Kondele au wa karibu na barabara kuu Nakuru wanaweza kuiona tofauti. Lakini kama juu ya dirisha kuna matundu ya hewa ya kudumu, kama nyumba zetu nyingi zilivyo, honi za matatu zitapitia huko. Usilipie ukimya ambao tundu litautoa nje.

*Fremu, fundi na mfuko.* Bei iko juu. Hukatwa na fundi anayejua, pande zote mbili kisha utando. Uzito tumeuona. Kingo zisikae majini: maji yakituama chini ya fremu, utando huanza kuachana na kuonyesha weupe pembeni.

*Kinamfaa* duka la mbele barabarani, chumba cha chini kisicho na grili, paa la kioo, madirisha ya ghorofa yanayoning'inia juu ya njia ya watu.

Ukifika dukani

Tempa ya kweli huwa na mhuri mdogo pembeni uliochomwa ndani ya kioo, kucha haiutoi. Lamineti itazame kwenye ukingo: utaona mstari wa utando kati ya vioo viwili. Tinti itazame ukingoni pia. Rangi ikiwa imejaa unene wote, ni ya kiwandani. Ukingo ukiwa mweupe, ni karatasi imebandikwa. Unene pimeni kwa kipimo mbele yako, kwa sababu tofauti ya 3 na 4 haionekani kwa macho lakini inaonekana kwenye risiti.

Na kabla ya yote hayo, siku moja yenye jua zunguka nyumba asubuhi saa tatu na jioni saa kumi, na chaki mkononi. Kila dirisha ambalo jua limeingia ndani yake, weka alama ukutani. Hayo ndiyo ya kuzungumzia tinti. Mengine hayahitaji.

Kulingana na hali yako

Unajenga Kisumu na pesa zinatosha nusu tu: cheupe kaskazini na kusini, tinti magharibi peke yake, maua chooni. Pesa utakazookoa kwa kutoweka tinti nyumba nzima, peleka kwenye madirisha yanayofunguka. Alumini ya kuteleza hufunguka nusu tu, ya bawaba hufunguka yote, na upepo wa ziwa wa mchana hupoza nyumba kuliko kioo chochote. Wavu wa mbu usiusahau.

Unajenga Nakuru, Njoro au Molo: cheupe kila upande, mashariki kikubwa kadiri uwezavyo, na hesabu ya unene kwa ajili ya upepo. Tinti iache kwa dirisha moja la magharibi kama linakusumbua kweli.

Umepanga: karatasi ya kubandika upande wa jua, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na pazia jepesi la rangi nyeupe. Usiweke pesa kwenye kioo utakachomwachia mtu.

Una watoto wadogo au mzee nyumbani: anza na milango na vioo vinavyofika chini. Tempa hapo kwanza, hata kama vyumba vingine vyote vitabaki na kioo cha bei ya chini.

Una duka: lamineti mbele, na hesabu ya uzito kwa mchomeleaji kabla hajakata chuma.

Unataka kuona ziwa ukiwa kitandani: baraza la kina kwanza, kisha kuakisi au lamineti ya tinti, na pazia la usiku.

Pesa zimeisha kabisa na lazima uhamie mwezi huu: weka cheupe kote, maua chooni, na mlango wa sebule ufanye wa mbao badala ya kioo. Ila fremu za upande wa magharibi mwambie mchomeleaji azipe mfuo wa kina na bawaba nzito, ili kioo kizito kipate mahali pa kukaa siku utakapokuwa nacho.